Mwili Haujazoea Dawa: Msafiri na Vimelea Sugu vya Tumboni

Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Sisi walimu wa Kiswahili huifundisha methali hiyo kama sifa ya kutembea, kwamba anayetoka huenda akaokota kitu na anayekaa haokoti. Methali yenyewe haisemi huokota nini. Katika makala haya ninakusudia kueleza kitu kimoja ambacho wasafiri wa kimataifa wamekuwa wakikiokota kwa wingi na kurudi nacho nyumbani bila kujua, nacho ni bakteria wa tumboni wasiouawa tena na dawa tulizozitegemea. Bakteria hao huingia kwa chakula na maji, hukaa matumboni, na mara nyingine humfikia mtu ambaye hakupanda ndege kabisa.

Nimechagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa idara yetu wanasafiri kuliko zamani. Wanafunzi huvuka kwenda Tanzania na Kenya kwa mazoezi ya lugha, wahadhiri huenda kwenye makongamano, na jamaa zetu huenda India kutibiwa, Dubai na Guangzhou kununua bidhaa, na Makka kuhiji. Pili, sehemu kubwa ya kutoelewa jambo hili imo katika maneno tunayolisemea. Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapoweza kuchangia, ingawa si daktari.

Nani hasa ni sugu?

Simama kidogo kwenye duka lolote la dawa hapa Uganda usikilize. "Mwili wangu umeizoea sipro." "Amoksisilini hainishiki siku hizi." "Nipe dawa kali zaidi, hizi nimezizoea." Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam nilisikia maneno yale yale, ila huko vidonge viliitwa "rangi mbili" kwa sura ya ganda lake. Katika kauli zote hizo kiima ni mtu au mwili wake. Mwili ndio unaozoea, na mimi ndiye ambaye dawa hainishiki.

Kisarufi hakuna kosa hapo. Kisayansi kosa lipo, na lina madhara. Katika usugu huu mwili wa mgonjwa haubadiliki hata kidogo, anayebadilika ni bakteria. Mtu aliyekunywa antibiotiki mara hamsini maishani na mtu ambaye hajawahi kuimeza hata moja wanaweza kuugua kwa bakteria yule yule sugu, na dawa ile ile ikashindwa kwa wote wawili.

Neno "sugu" lenyewe limetuchangia mkanganyiko. Kabla halijaingia hospitalini, sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima au cha mpiga makasia. Ngozi hiyo hutokana na kusuguliwa. Mpini ukisugua kila siku ngozi hujikaza, na mkono ule ule uliokuwa laini Januari huwa mgumu Aprili. Kwa hiyo mtu akisikia "usugu wa dawa" huona picha ya kitu kilichosuguliwa na dawa hadi kikawa kigumu, na kitu anachokifikiria ni mwili wake. Zaidi ya hapo, kile kihusishi "wa" hakimsaidii, kwa kuwa "usugu wa dawa" hauelezi ni nani aliye sugu, kama ni dawa, mgonjwa au mdudu. Wizara ya Afya ya Tanzania hutumia jina refu zaidi, usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, lililofupishwa kuwa UVIDA. Jina hilo si tamu mdomoni, lakini vimelea vimetajwa wazi kuwa ndivyo vilivyo sugu, nami nalipendelea.

Bakteria hawapati usugu kama kiganja kinavyopata. Ndani ya utumbo wa mtu mmoja mnaishi bakteria wengi kuliko watu wote waliopo duniani, na walio wengi hawana ubaya. Miongoni mwao huweza kuwapo wachache ambao tayari wana kinga dhidi ya dawa fulani. Antibiotiki ikiingia, wasio na kinga hufa, wabaya na wema pamoja, na wale wachache hubaki na shamba tupu la kuzaana. Hakuna aliyejikaza kwa kusuguliwa. Waliokuwa dhaifu wameondoka na kuwaachia nafasi wengine.

Tena kinga hiyo huweza kupitishwa. Bakteria wengi hubeba vipande vidogo vya maelezo ya urithi viitwavyo plasimidi, ambavyo hunakiliwa na kupewa jirani, hata jirani wa jamii nyingine kabisa. Mfano ulio karibu nasi ni maswali ya mitihani ya miaka iliyopita yanavyopita bwenini. Aliyeyanakili kwanza hajulikani, mwanafunzi wa sheria anampa wa kilimo, wa kilimo anampa wa ualimu, na kabla ya wiki kwisha kila chumba kina nakala. Bakteria mpole wa E. koli aliye tumboni bila kumdhuru mtu anaweza kuwa ndiye mwenye nakala, akampa salmonela anayeua.

Msafiri asiyeugua

Ushahidi wa wazi kwamba mwili hauhusiki tumeupata kwa wasafiri. Watafiti wa Finland walichunguza choo cha wasafiri 430 kabla na baada ya safari za nje, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Walikuwa wanatafuta bakteria wa utumbo wanaotengeneza kimeng'enya kinachovunja kundi kubwa la antibiotiki, zikiwamo jamii ya penisilini na sindano ya seftriaksoni inayotumika sana katika hospitali zetu. Asilimia 21 ya wasafiri wote walirudi na bakteria hao, ambao hawakuwa nao walipoondoka.

Jambo la kujifunza zaidi limo katika mgawanyo wa asilimia hizo. Wasafiri ambao hawakuhara wala hawakumeza antibiotiki yoyote, asilimia 11 walirudi na bakteria sugu. Walioharisha lakini hawakumeza antibiotiki, asilimia 21. Walioharisha na kumeza antibiotiki, asilimia 37. Wale waliokwenda Asia ya Kusini na kufanya yote mawili walifikia asilimia 80.

Hebu tutafakari kundi la kwanza. Hawa hawakuugua, hawakunywa dawa, hawakuwa na chochote ambacho mwili ungeweza "kukizoea". Walikula wali, mboga na matunda kama watu wengine, nao wakarudi na usugu ulioumbika katika matumbo ya watu na mifugo wasiowajua. Kundi la mwisho nalo lina la kutuonya. Vidonge walivyomeza ili wapone upesi ndivyo vilivyofyeka bakteria wema na kuacha shamba wazi kwa wageni.

Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuwa mkubwa zaidi, ukiwa na wasafiri wapatao 2,000. Kati ya wale ambao hawakuwa na bakteria hao kabla ya safari, asilimia 34 walirudi nao, na kwa waliokwenda Asia ya Kusini ilikuwa asilimia 75. Kanda yetu ya Afrika Mashariki imo pia miongoni mwa sehemu ambako wasafiri waliwaokota, kwa hiyo tusidhani kwamba mambo haya huletwa kwetu tu na wala hayatoki kwetu. Watafiti hao waliendelea kuwafuatilia wasafiri baada ya kurudi. Nusu ya waliobeba bakteria hao walikuwa wameondokewa nao baada ya takriban siku 30, lakini asilimia 11 walikuwa bado nao baada ya miezi 12. Watu wa nyumbani mwao hawakuepuka, maana uwezekano wa mbebaji kumwambukiza mtu anayeishi naye ulikadiriwa kuwa asilimia 12.

Kubeba bakteria hao si ugonjwa. Msafiri hana homa, anakula vizuri, anafundisha darasa lake. Shida huja baadaye akipata maambukizi ya njia ya mkojo, au akifanyiwa upasuaji wa tumbo, au akijifungua. Hapo bakteria wanaotoka nje ya utumbo wanaweza kuwa ni wale wale aliorudi nao, na daktari akianza kwa dawa ya kawaida anapoteza siku mbili tatu ambazo mgonjwa huenda hana.

Taifodi ya Sindh

Mpaka hapa nimezungumzia mbebaji asiyeumwa. Ugonjwa wenyewe nitaueleza kwa mfano mmoja, nao ni taifodi, au homa ya matumbo kama wanavyosema wenzetu wa Kenya. Nimeuchagua kwa sababu kila mmoja wetu anaujua, na kwa sababu historia ya dawa zake ni historia ya ngome zinazoanguka moja baada ya nyingine.

Kloramfenikoli ilianza kutumika dhidi ya taifodi mwaka 1948 na ikapunguza sana vifo. Mwaka 1972 ulizuka mlipuko mkubwa nchini Mexico, wagonjwa zaidi ya 10,000, wa bakteria asiyesikia kloramfenikoli, na Wamarekani waliotembelea nchi hiyo wakarudi kwao wakiwa wagonjwa. Kufikia miaka ya 1990 walikuwa wameenea bakteria wa taifodi wasiosikia kloramfenikoli, ampisilini wala kotrimoksazoli. Ikategemewa siprofloksasini, nayo ikachoka hasa katika Asia ya Kusini. Ikabaki sindano ya seftriaksoni.

Novemba 2016 katika mji wa Hyderabad, mkoa wa Sindh nchini Pakistan, waligunduliwa wagonjwa wa taifodi isiyosikia dawa zote hizo tano. Wataalamu waliposoma maelezo ya urithi ya bakteria hao walikuta plasimidi iliyofanana na zile za E. koli. Ndiyo yale maswali ya mtihani, kwamba bakteria wa taifodi aliyekwisha kuwa sugu kwa dawa za zamani alipokea nakala kutoka kwa mwenziwe wa tumboni, akawa sugu kwa seftriaksoni pia. Kufikia tarehe 9 Desemba 2018, wagonjwa 5,274 wa taifodi hiyo walikuwa wamehesabiwa katika mkoa wa Sindh. Dawa zilizobaki ni azithromaisini, ambayo humezwa, na kundi la karbapenemu ambalo hutolewa kwa mshipa, hospitalini, kwa gharama ambayo familia nyingi haziwezi.

Safari ndizo zilizoitoa Sindh. Wagonjwa walipatikana Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, wengi wao wakiwa watu waliokwenda Pakistan kuwaona wazazi, kuzika, au kuhudhuria harusi. Hili halishangazi. Mtalii wa hoteli hula chakula cha hoteli kwa siku saba. Anayekwenda kwa shangazi hukaa wiki sita, hula kila anachopewa, hunywa maji ya nyumbani, na mara nyingi hachanji kwa sababu moyoni mwake anakwenda kwao. Hata sisi tunalijua hilo. Nani kati yetu angemkatalia bibi yake kikombe cha maji?

Baadaye huko Marekani, kati ya Novemba 2019 na Oktoba 2020, waliandikishwa wagonjwa tisa wa taifodi hiyo sugu ambao hawakuwa wamesafiri nje ya nchi. Kwa hiyo kulikuwa na mtu, au chakula kilichoshikwa na mtu, kati yao na Pakistan. Jambo la namna hiyo lilikwisha kuonekana kwa ugonjwa wa kuhara damu. Kati ya Mei 2014 na Februari 2015 bakteria wa shigela wasiosikia siprofloksasini waliwaugulisha watu 243 katika majimbo 32 ya Marekani na Puerto Rico. Wachunguzi walikuta kwamba wasafiri, wakiwamo waliotoka Jamhuri ya Dominika na India, walikuwa wakiwaingiza tena na tena, kisha bakteria wakaendelea kuenea miongoni mwa watu ambao hawana hata pasipoti. Shigela huhitaji bakteria wachache tu ili kumwangusha mtu, kwa hiyo mikono isiyonawiwa inamtosha.

Neno moja mbele ya daktari

Hapa narudi kwenye lugha. Kuna Hyderabad mbili mashuhuri, moja Pakistan na nyingine India, ambako Waganda wengi wamesoma na kutibiwa. Mgonjwa akimwambia daktari "nilikuwa Hyderabad" bila kuongeza nchi, hajamwambia jambo la kumsaidia. Taifodi iliyotoka India kwa kiasi kikubwa bado husikia seftriaksoni. Iliyotoka Pakistan ichukuliwe kuwa haisikii mpaka maabara iseme vingine, na ndivyo madaktari wa Marekani na Uingereza wanavyoelekezwa. Jina la nchi linabadilisha sindano ya siku ya kwanza.

Tatizo ni kwamba mgonjwa mara nyingi hakumbuki kulitaja. Taifodi huchukua siku 6 hadi 30 tangu kumezwa hadi homa kuanza. Kufikia wakati huo sanduku limekwisha kufunguliwa, zawadi zimegawiwa, na safari imekuwa hadithi ya zamani. Homa ikija, huku kwetu fikira ya kwanza ni malaria, na ni sawa, malaria ipimwe kwanza. Isipoonekana, mgonjwa hupimwa Widal, kipimo kinachopendwa sana na vituo vidogo. Kipimo hicho huweza kumwonyesha mtu ana taifodi wakati hana, kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya vimelea wengine, na hata kikisema kweli hakiwezi kueleza ni dawa gani itafaa. Kujua dawa ifaayo kunahitaji kuotesha damu maabara, kazi ya siku kadhaa. Damu hiyo inapaswa kuchukuliwa kabla mgonjwa hajaanza kumeza vidonge vya dukani, la sivyo huenda kisiote kitu. Nasisitiza hili kwa wanafunzi wetu, ambao huanza dukani na kufika hospitalini siku ya tano.

Yako pia maneno ya aibu. Mwanafunzi wetu akiwa Zanzibar au Mombasa huona haya kusema anahara, akasema "tumbo linanisumbua". Mhudumu akimpa dawa ya kiungulia asilaumiwe. (Kwa walimu wenzangu: najua kwamba mtu huhara na kitu ndicho humharisha, lakini Tanzania nzima husema "naharisha", na nimelitumia hivyo juu kwa makusudi. Zahanati si mahali pa kusahihishana ngeli na minyambuliko.) La muhimu ni kusema mara ngapi kwa siku, tangu lini, kama choo kina damu, kama kuna homa, umetoka nchi gani, na umekwisha kumeza nini. Hilo la mwisho ndilo linalofichwa kuliko yote, kwa sababu mtu anaogopa kugombezwa kwa kujinunulia dawa.

Sisi wenyewe

Itakuwa unafiki kuwazungumza Wapakistani na kunyamaza juu yetu. Taifodi sugu kwa dawa za zamani iliyopo Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, ni ya ukoo ambao wataalamu wameupa jina H58. Uchunguzi wa maelezo ya urithi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ukoo huo ulitoka Asia ya Kusini, ukaingia Afrika Mashariki na kuendelea kusini mwa bara. Hakuna anayejua jina la msafiri aliyeuleta. Mwaka ule ule wa 2015, kuanzia Januari hadi Juni, jiji la Kampala lilipata mlipuko wa taifodi uliofikia washukiwa 10,230, na wachunguzi wakakuta chanzo katika maji yasiyochemshwa na sharubati zilizokuwa zikiuzwa mitaani. Mgeni aliyepita Kampala miezi ile na kununua sharubati karibu na kituo cha mabasi alikuwa na nafasi sawa na ya mwenyeji ya kuondoka na mzigo usioonekana kwenye mizani ya uwanja wa ndege.

Ndiyo maana sipendi magonjwa haya yaitwe kwa majina ya nchi. Mwaka 2008 mgonjwa mmoja wa Sweden aliyekuwa amelazwa New Delhi alikutwa na bakteria wenye kimeng'enya kipya kinachovunja hata karbapenemu, na wagunduzi wakakipa kimeng'enya hicho jina la New Delhi. Wahindi walilalamika sana, na mwaka 2011 mhariri wa jarida la The Lancet akaomba radhi kwa jina hilo. Madaktari bado wanalitumia. Jina likishakaa halitoki, jambo ambalo sisi watu wa istilahi tunalijua vizuri. Bahati mbaya ugomvi wa jina ulifunika jambo zito zaidi, kwamba vimelea wenye kimeng'enya hicho walipatikana hata katika sampuli za maji ya mji huo, nje kabisa ya hospitali. Kwa jamaa zetu wanaokwenda India kutibiwa moyo au figo, somo ni dogo na la vitendo. Wakirudi na kulazwa hapa, waseme siku ya kwanza kwamba walilazwa huko.

Kabla na baada ya safari

Wanaosafiri huniuliza wabebe dawa gani. Jibu langu si jibu la daktari, ila linakubaliana na mwongozo wa wataalamu wa tiba ya wasafiri uliotolewa mwaka 2017. Kuhara kwa kawaida, kusiko na damu wala homa na kusikomzuia mtu shughuli zake, hakuhitaji antibiotiki. Kunahitaji maji, pakiti za ORS zilizochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, chakula chepesi, na siku chache. Dawa ya kufunga tumbo huweza kumsaidia mtu mzima kumaliza safari ya basi, mradi hana homa wala damu. Penye damu, homa kali, au udhaifu wa kushindwa kusimama, hapo antibiotiki ina kazi yake na haifai kucheleweshwa. Lakini iamuliwe na mganga wa mahali pale, anayejua ni ipi bado inafanya kazi. Siprofloksasini iliyomtibu mtu hapa Uganda inaweza kuwa haina maana yoyote Thailand, ambako bakteria wa kampilobakta, wanaopatikana sana kwenye nyama ya kuku, karibu wote hawaisikii.

Chanjo ya taifodi ni jambo ambalo wasafiri wetu hulipuuza. Chanjo ya kisasa, inayofaa hata kwa watoto wachanga wa miezi sita, ilipata idhini ya Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2017. Pakistan ilikuwa nchi ya kwanza kuiingiza katika chanjo za kawaida za watoto. Ilianza Novemba 2019 katika mkoa ule ule wa Sindh, kwa kampeni iliyolenga watoto wapatao milioni 10. Bakteria hana njia ya kuikwepa chanjo kwa kuwa sugu kwa seftriaksoni. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwa taifodi ya Sindh chanjo imekuwa na nguvu ile ile.

Kuhusu chakula sina mengi ya kuongeza kwa watu waliolelewa na mama wa Kiafrika. Chakula kiliwe kikiwa moto, maji yachemshwe au yawe ya chupa iliyofungwa, matunda ayamenye mlaji mwenyewe. Ila tusijidanganye kwamba mwangalifu haokoti. Wale Wafini asilimia 11 hawakuwa wazembe. Mkono wa mpishi, barafu kwenye glasi, jani la mchicha lililooshwa kwa maji ya mfereji, yote hayo hayamo katika uwezo wa msafiri. Lililo katika uwezo wake ni kutomeza kidonge kisicho na kazi, na kunawa kwa sabuni atokapo chooni, huko aliko na hata mwezi mzima baada ya kurudi. Anayehara asiwapikie wenzake. Wala asitafute dawa ya "kusafisha tumbo", kwa sababu hakuna antibiotiki ya kuwafukuza bakteria hao watulivu, na atakayoimeza itawaongezea shamba.

Katika zoezi la tafsiri la mwaka wa pili muhula huu nimewapa wanafunzi kipeperushi cha kliniki ya wasafiri wakitafsiri kwa Kiswahili. Sentensi iliyowashinda wengi ni ile inayomwarifu mgonjwa kwamba dawa huenda isifanye kazi. Nakala nyingi zilisema "mwili wako umekuwa sugu". Chache zilisema "una usugu wa dawa". Mwanafunzi mmoja, wa kutoka Kasese, aliandika: "Wadudu uliorudi nao hawaisikii dawa hii, hata kama wewe hujawahi kuitumia." Tumemwomba ruhusa ya kuitumia sentensi hiyo kwenye tangazo la ubao wa idara, juu ya orodha ya wanaosafiri Julai.